Ikizidi, Isipozidi

Kituo cha pampu kiko chini ya usawa wa bahari,
huko Frislandi, ambako ardhi ni maji yaliyokatazwa,
na anayeyakataza usiku kucha si mtu,
ni skripti ya mistari mia mbili na kumi na miwili
aliyoiandika Sietse kabla hajastaafu, kabla hajafa.
Kila baada ya dakika tano inaamka, inauliza, inalala.

Kina kikizidi arobaini, basi washa pampu.
Kisipozidi, basi nyamaza.
Hiyo ndiyo sarufi yake nzima: -ki- na -sipo-.
Haina -nge-. Haina -ngali-.
Haijui kukaa dirishani na kikombe kilichopoa
na kusema ningalijua, ningalifika mapema.
Majuto tumeachiwa sisi.

Froukje anayo mengi asubuhi hii ya Novemba.
Buti zimejaa, kondoo kumi na mmoja wa Wiebe
wamesimama juu ya tuta kama nguo zilizosahauliwa mvuani,
wa kumi na mbili haonekani.
Pampu mbili zilinguruma usiku mzima.
Ya tatu ilikabwa na matete, ikazima,
na skripti, iliyopaswa kupiga simu, haikupiga.
Wiebe hakumtukana. Alimtazama tu.
Afadhali angemtukana.

Akaketi, akaifungua, akaishuka ngazi kwa ngazi:
kama ndani ya kama ndani ya kama,
kila moja imesogea nafasi nne kulia
hadi maneno yakakaribia kuanguka ukingoni mwa kioo.
Kwenye tawi la kiangazi alikuta alama moja ya sawa
mahali palipohitaji mbili. Kosa dogo, kosa la kale:
mbili huuliza, Je, pampu imezima?
Moja huamuru, Pampu, zima,
na swali likawa limejijibu kabla ya kuulizwa.
Akalirekebisha. Lakini halikuwa hilo.

Lilikuwa chini kabisa, mstari wa mia mbili na tatu:
kama kina kimezidi tisini, na pampu yoyote imezima,
basi piga simu.
Na pembeni, maelezo ambayo mashine huyaruka,
maneno ya Sietse: Usifute. Siku itafika.

Siku ilifika; mlango haukufikiwa.
Maana tisini ni zaidi ya arobaini.
Maji yaligonga mlango wa kwanza, ukafunguka,
yakaambiwa karibuni, pampu zinawashwa,
na milango yote ya chini, la sivyo kama, la sivyo kama,
haikuulizwa neno.
Miaka kumi na tisa tawi lile lilikuwepo
na hakuna ndege aliyewahi kutua.

Akalikata, akalipandisha juu.
Kubwa kwanza, dogo baadaye. Ndiyo kazi yote.
Mistari mitano imehama; hakuna hata neno jipya.

Kisha, saa nane za usiku, kwa majaribio,
akaidanganya: kina, tisini na moja;
pampu ya tatu, imezima.
Akaiweka simu yake mezani, akaingoja ilie.

Ililia ng'ambo ya mfereji.
Hakuna aliyekumbuka kubadili namba.
Aliona dirisha likiwaka, akanyanyua mkonga wa simu ya kituo,
akamsikia Jeltje, mjane wa Sietse,
sauti nzito ya usingizi, bila salamu:
“Ya tatu, siyo? Tazama matete.
Reki iko nyuma ya mlango. Vaa glavu.”

Froukje alitaka kusema ni majaribio tu, samahani,
namba hii nitaifuta kesho.
Neno lililomtoka lilikuwa “Kama,”
na baada yake hakuipata “basi.”

Ng'ambo, taa haikuzimwa.
Jeltje alikuwa ameshaanza kutafuta buti.